Logi za ACPI na draiva kwenye kerneli ya Linux: dalili, sababu na marekebisho

Laptopu imekataa kuamka baada ya kulala, feni inavuma mchana kutwa, au kifaa cha USB kinatoweka na kurudi. Mtu anasoma mahali kwamba awashe "debug", anawasha, kisha ama haoni kitu chochote, ama anaona maelfu ya mistari mpaka mashine inaganda. Malalamiko haya mawili ndiyo yanayojirudia kuliko yote, na mengi yana chanzo kimoja: kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) ina milango miwili ya kutolea logi, yaani rekodi za matukio, za uchunguzi wa vifaa, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine.

Mlango wa kwanza ni wa ACPI, yaani sehemu ya kerneli inayosoma na kuendesha maagizo yaliyoandikwa ndani ya BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye ubao). Huo hufunguliwa kwa namba mbili, `debug_layer` (sehemu gani izungumze) na `debug_level` (izungumzie nini). Mlango wa pili unaitwa dynamic debug, na ndio wa draiva: USB, kadi za mtandao, na hata draiva za betri na feni zilizoandikwa juu ya ACPI. Huo hufunguliwa kwa kutaja jina la moduli (kipande cha kerneli kinachopakiwa peke yake) au faili.

Kabla ya kugusa chochote, fanya kila jaribio kwa muda tu. Wakati wa kuwasha mashine, kwenye menyu ya GRUB (programu inayopakia kerneli), bonyeza `e`, ongeza parameta mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha bonyeza Ctrl+X. Ukikosea, zima na uwashe tena. Mabadiliko yatakuwa yamefutika. Usiandike parameta mpya kwenye `/etc/default/grub` mpaka uwe umeona mashine inawaka nayo salama.

## Dalili: nimeweka acpi.debug_level lakini hakuna kinachotokea

Kerneli yako haikujengwa na uwezo huo. Hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa, na ni rahisi kuithibitisha:

```
ls /sys/module/acpi/parameters/
grep -w CONFIG_ACPI_DEBUG /boot/config-$(uname -r)
```

Kama faili za `debug_layer` na `debug_level` hazipo kwenye orodha ya kwanza, au amri ya pili inasema `is not set`, hakuna parameta itakayosaidia. Uwezo huo unaongeza ukubwa wa kerneli kwa takriban kilobaiti 50, hivyo baadhi ya watengenezaji wa distro (matoleo ya Linux kama Debian au Fedora) huuondoa. Utahitaji kerneli iliyojengwa na `CONFIG_ACPI_DEBUG=y`: tafuta kwanza kama distro yako inatoa kerneli ya uchunguzi, na kama haitoi, jenga yako mwenyewe. Usiiondoe ile ya zamani. Iache kwenye menyu ya GRUB ili uwe na pa kurudi.

Umeandika namba moja tu. Ujumbe hutoka pale tu ambapo sehemu na kiwango vyote viwili vimewashwa. Kimoja kikiwa 0, kingine hakina kazi. Soma hali ilivyo:

```
sudo cat /sys/module/acpi/parameters/debug_layer
```

Utaona orodha ya namna hii:

```
ACPI_UTILITIES            0x00000001 [ ]
ACPI_HARDWARE             0x00000002 [*]
ACPI_EVENTS               0x00000004 [ ]
```

Nyota ndani ya mabano maana yake biti hiyo imewashwa. Kila sehemu ina biti yake, na unazijumlisha: ukitaka HARDWARE (0x2) pamoja na EVENTS (0x4), andika 0x6. Nyingine zinazotumika sana ni TABLES 0x8, NAMESPACE 0x10, EXECUTER 0x80 na RESOURCES 0x100. Upande wa viwango, 0x4 ni taarifa za kawaida, na 0x2 ni maneno ambayo waandishi wa BIOS wenyewe wameyaacha ndani ya msimbo wao. Hiyo 0x2 husahaulika sana, na ni bahati mbaya, kwa sababu wakati mwingine BIOS yenyewe inakuambia imekwama wapi.

Amri imekataliwa na hukugundua. `sudo echo 0x4 > faili` haifanyi kazi hata siku moja: `sudo` inaishia kwenye `echo`, na kuandika kwenye faili kunafanywa na shell yako isiyo na ruhusa. Andika hivi:

```
echo 0x2 | sudo tee /sys/module/acpi/parameters/debug_layer
echo 0x4 | sudo tee /sys/module/acpi/parameters/debug_level
```

Parameta haikufika kwenye kerneli. `cat /proc/cmdline` inaonyesha kile kerneli ilichopokea kweli. Kama parameta yako haimo, huenda ulihariri `/etc/default/grub` bila kuendesha `sudo update-grub` (Debian, Ubuntu na jamaa zake). Kwenye Fedora njia nyepesi ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --args="..."`. Angalia pia tahajia: ni `acpi.debug_level`, yenye nukta baada ya `acpi`.

Unafuata maelekezo ya zamani. Zamani draiva za betri, chaja, feni na kadhalika zilikuwa na biti zao kuanzia 0x00010000 kwenda juu. Kwenye kerneli za sasa biti hizo zimeondolewa, na draiva hizo zimehamia dynamic debug. Ukiona mtu anakuagiza uweke 0x00040000 kwa ajili ya betri, ujue ushauri huo umepitwa. Nenda mlango wa pili.

## Dalili: dynamic debug haitoi ujumbe wa draiva

Amri ya msingi ni hii, kwa mfano wa kidhibiti cha USB:

```
echo 'module xhci_hcd +p' | sudo tee /proc/dynamic_debug/control
```

Kisha hakikisha imeshika:

```
sudo grep xhci_hcd /proc/dynamic_debug/control | head
```

Mistari yenye `=p` imewashwa; yenye `=_` imezimwa. Kama hakuna mstari hata mmoja, moduli hiyo haijapakiwa bado, au jina si hilo (`lsmod` itakuambia). Hapa watu wengi hupotea: huwezi kuwasha ujumbe wa moduli ambayo haijaingia kwenye kumbukumbu. Ukitaka izungumze tangu inapopakiwa, weka `xhci_hcd.dyndbg=+p` kwenye mstari wa GRUB, au `modprobe xhci_hcd dyndbg=+p` kama inapakiwa kwa mkono.

Kama faili la `control` lenyewe halipo, kerneli haikujengwa na `CONFIG_DYNAMIC_DEBUG`, na ujumbe huo haumo kabisa ndani ya programu.

Ukipata `Operation not permitted` ukiwa root, huenda unaandika kwenye `/sys/kernel/debug/dynamic_debug/control` wakati Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine) imeifunga kerneli. `dmesg`, amri inayoonyesha logi za kerneli, itakuwa na mstari unaoanza na `Lockdown:`. Tumia njia ya `/proc` badala yake. Ipo kwa sababu mashine nyingi siku hizi hufunga debugfs, yaani hiyo `/sys/kernel/debug`.

Sababu ya mwisho ni kwamba ujumbe unatoka ila huuoni kwenye skrini. Ujumbe wa uchunguzi una kiwango cha 7, na skrini huonyesha tu vilivyo chini ya namba ya kwanza ya `/proc/sys/kernel/printk`. Ikiwa namba hiyo ni 4 au hata 7, skrini itakaa kimya ingawa `dmesg` imejaa. `sudo dmesg -n 8` inamaliza jambo hilo. Wakati wa kuwasha mashine, ondoa `quiet` na `splash`, uweke `ignore_loglevel`.

## Dalili: logi zipo, lakini mwanzo wake umepotea

Kerneli huweka ujumbe kwenye bafa ya duara. Ikijaa, mistari mipya inafuta ya zamani. Kerneli nyingi zina bafa isiyofika megabaiti moja, na kilobaiti 128 ndiyo thamani ya kuanzia usipoigusa wakati wa kujenga. Ukiwasha ACPI hata kwa kiasi, hiyo inaisha kabla mashine haijafika kwenye skrini ya kuingia.

Ongeza `log_buf_len=16M`. Namba lazima iwe kipeo cha 2: 4M, 8M, 16M.

Ukiona `systemd-journald` (huduma inayohifadhi logi) ikisema `Missed ... kernel messages`, bafa ilizunguka kabla journald haijasoma. Dawa ni hiyohiyo, pamoja na kupunguza biti. Ukiona `callbacks suppressed`, hilo ni jambo tofauti: kerneli yenyewe imebana ujumbe unaojirudia haraka mno. Usikimbilie kuuondoa ubanaji huo. Mstari huo unakutajia jina la kazi inayorudiarudia, na mara nyingi hilo ndilo jibu ulilokuwa unatafuta.

## Dalili: mashine imekuwa nzito au imeganda baada ya kuwasha logi

Karibu kila mara mtu ameweka `0xffffffff` pande zote mbili. Mkalimani wa ACPI huandika mstari kwa kila hatua ndogo ya msimbo wa BIOS, na kusoma kiwango cha betri peke yake kunaweza kupitia mamia ya hatua. Usiweke namba zote mbili zikiwa zimejaa. Jaza moja na ubane nyingine: sehemu moja kwa viwango vyote (`debug_layer=0x2`, `debug_level=0xffffffff`), au sehemu zote kwa kiwango kimoja (`debug_layer=0xffffffff`, `debug_level=0x2`).

Kama mashine haiwaki tena, rudi GRUB, bonyeza `e`, futa parameta, washa, kisha uisafishe kwenye `/etc/default/grub`.

Sababu ya pili ni konsoli ya serial, yaani kutoa logi kupitia waya wa serial. Kwa kasi ya 115200, kila herufi inachukua biti 10 kwenye waya, hivyo zinapita herufi 11,520 kwa sekunde, kama mistari 144 ya herufi 80. Bafa ya 16M iliyojaa ingehitaji dakika zaidi ya 24 kupita hapo! Wakati huo prosesa inasubiri waya, na kerneli inaweza kulalamika `soft lockup` ingawa hakuna kilichoharibika ila wingi wa logi. Kama huhitaji serial, ondoa `console=ttyS0`. Kama unaihitaji, weka `dmesg -n 4`, na usome logi kamili kwa `journalctl -k`.

Sababu ya tatu ni diski kujaa. journald ina kikomo chake, lakini `/var/log/kern.log` ya rsyslog (huduma nyingine ya kuandika logi) haina breki kama hiyo. `df -h /var` kwanza; kisha `sudo journalctl --vacuum-size=200M`, na punguza `kern.log` kwa `sudo truncate -s 0 /var/log/kern.log`. Usilifute faili lenyewe: rsyslog itaendelea kulishikilia na nafasi haitarudi.

## Dalili: kworker inakula prosesa, feni haitulii

kworker ni kazi za ndani za kerneli yenyewe. Hapa wengi hukimbilia kuwasha logi zote. Usiwashe kitu bado; kuna hesabu tayari imewekwa:

```
grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*
```

Kila mstari ni njia moja ambayo kifaa hutumia kuigutua prosesa, na namba ni mara ngapi imeitumia tangu mashine iwake. Endesha amri hiyo, subiri sekunde 10, iendeshe tena. Njia nyingi zitakuwa hazijabadilika au zimeongezeka kidogo. Moja ikiwa imeruka kwa maelfu, tuseme `gpe6F`, umeshampata anayepiga kelele.

Sababu, kutoka ya kawaida: hitilafu ya BIOS (angalia toleo jipya kwa mtengenezaji), kifaa kilichochomekwa, kama chaja yenye mguso mbaya au kituo cha USB-C (chomoa kimoja kimoja ukihesabu upya), na mwisho, kasoro ya umeme kwenye ubao, hasa mashine iliyowahi kumwagikiwa maji.

Kabla ya kuizima njia hiyo, endesha `sudo dmesg | grep 'GPE='`. Mstari unaotokea ni wa kidhibiti kidogo cha ndani kinachosimamia feni, betri na vitufe. Kama namba yake ni ileile yenye kelele, simama hapo. Ukiizima, mashine inaweza kuacha kusikia joto au betri. Hilo ni la kusasisha BIOS au la fundi.

Kama ni namba nyingine, jaribu kwa muda:

```
echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F
```

Ikijiwasha tena, tumia `mask` badala ya `disable`. Tumia mashine siku nzima: funga kifuniko, chomeka na chomoa chaja, ilaze na uiamshe. Vyote vikifanya kazi, unaweza kuweka `acpi_mask_gpe=0x6F` kwenye GRUB moja kwa moja.

## Dalili: "ACPI BIOS Error (bug): Could not resolve symbol"

Ujumbe huu hutoka bila kuwasha chochote, na unatisha watu bure. Maana yake BIOS imetaja kitu ambacho haikukitengeneza, na kerneli imekikosa (`AE_NOT_FOUND`). Kama kila kitu kinafanya kazi, achana nao. Kama kuna kifaa kimekufa, angalia njia iliyoandikwa ndani ya mabano, kisha soma majedwali ya BIOS yenyewe kwa zana za acpica:

```
sudo acpidump > acpi.log
acpixtract -a acpi.log
iasl -d dsdt.dat
```

Tafuta jina hilo ndani ya `dsdt.dsl`. Kufuatilia utekelezaji wakati mashine inafanya kazi, ukiwa na kerneli yenye `CONFIG_ACPI_DEBUG`, ingia `/sys/module/acpi/parameters/` kama root, andika `0x80` kwenye `trace_debug_layer`, `0x10` kwenye `trace_debug_level`, na `enable` kwenye `trace_state`. Fanya kitendo kinacholeta kosa, kisha andika `disable` mara moja.

Kubadilisha jedwali na kulipakia lako badala ya la BIOS kunawezekana, lakini kosa dogo hapo linagusa joto na chaji ya betri. Usifanye kwenye mashine usiyo tayari kuipoteza.

## Dalili: mashine inalala, haiamki

Pima hatua kwa hatua kabla ya kutafuta logi:

```
echo freezer | sudo tee /sys/power/pm_test
echo mem | sudo tee /sys/power/state
```

Mashine itajifanya inalala, itasubiri sekunde 5 na kurudi. Ikirudi salama, rudia ukiweka `devices`, halafu `platform`, `processors`, `core`. Hatua inayoganda ndiyo yenye tatizo. `Devices` mara nyingi ni draiva, `platform` mara nyingi ni BIOS. Ukimaliza rudisha `none`.

Ukishajua hatua, washa mashine na `no_console_suspend`, kisha andika 1 kwenye `/sys/power/pm_print_times` na `/sys/power/pm_debug_messages`. Draiva ya mwisho kutajwa kabla ya kimya ndiyo ya kuanza nayo.

Kama skrini inabaki nyeusi na hakuna logi, ipo `pm_trace`, ambayo huficha alama ndani ya saa ya ubao. Baada ya kuganda, washa upya ndani ya dakika chache na utafute `hash matches` kwenye `dmesg`. Saa ya mashine itaharibika, na ni lazima uirekebishe kwa mkono. Usiitumie kwenye seva au mashine ambayo programu zake zinategemea saa sahihi.

## Dalili: mashine imekufa kabla ya logi kuandikwa

Anza na `journalctl -k -b -1`. Ikisema hakuna rekodi ya awali, tengeneza folda ya `/var/log/journal` na uwashe upya. Halafu tazama `/sys/fs/pstore` na `/var/lib/systemd/pstore`. Mara nyingine maneno ya mwisho ya kerneli yamehifadhiwa huko.

Vikiwa vitupu, peleka logi kwenye kompyuta ya pili kupitia waya wa mtandao (si Wi-Fi):

```
sudo modprobe netconsole netconsole=@/eth0,6666@192.168.1.10/
sudo dmesg -n 8
```

Badilisha `eth0` na anwani ziendane na mtandao wako. Upande wa pili: `nc -u -l 6666`, matoleo mengine ya nc yanataka `-p` kabla ya namba. Mstari wa `dmesg -n 8` usiuruke, kwa sababu netconsole hupitisha tu kile ambacho skrini ingeonyesha.

## Acha na uite fundi

Logi zikisema `[Hardware Error]` au `Machine check`, zikirudia baada ya mashine kuwashwa upya, tatizo si la parameta. Hamisha data zako kwanza, hata kabla ya kuwasha logi nyingine. `critical temperature reached` nayo ni ya fundi, baada ya wewe kusafisha vumbi la feni. Betri iliyovimba au harufu ya kuungua: zima mashine, chomoa chaja, usiiwashe tena kupima.

Kusasisha BIOS kunaweza kumaliza matatizo mengi ya ACPI, lakini umeme ukikatika katikati ubao unaweza kufa. Kama mtaa wako una mgao au umeme unaochezacheza, fanya hivyo kwenye UPS, na laptopu iwe na betri iliyojaa pamoja na chaja. Kama BIOS ina nenosiri usilolijua au mashine ni ya kazini, mwachie anayeisimamia.

Unapopeleka ripoti kwa fundi au kwa waandishi wa kerneli, ambatisha `uname -r`, `/proc/cmdline`, `dmesg` nzima isiyokatwa, na `acpi.log`. Kabla ya kuituma hadharani, pitia uondoe anwani za MAC, namba za utambulisho wa vifaa (serial number) na jina la mashine.